Ndoa ya Yuniti na Honi: Niliyojifunza Kitale na Bungoma

MTU wa mwambao akifika Kitale, la kwanza kumpokea ni baridi. Mji uko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, Mlima Elgon ukiutazama kwa upande wa magharibi, na wakati wa alfajiri mgeni husikia meno yake yakigongana kabla hajaisikia adhana. Mimi nilikwenda huko kumjulia hali dada yangu, aliyeolewa zamani na mtu wa mahindi, wala sikuwa na nia yoyote ya kuandika habari za vipaza sauti. Lakini usiku wa kwanza, baada ya sala ya isha, ukasikika ukelele kutoka chumba cha uani, mfano wa paka aliyekanyagwa mkia. Kisha kimya. Kisha harufu ya kitu kilichoungua.

"Ni ya pili hiyo," akasema shemeji, wala hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake.

Mpwa wangu akatokea mlangoni ameshika kitu kama kikombe kizito cha chuma, na uso wake umeiva kwa aibu. "Shikamoo mjomba. Samahani kwa kelele."

Kitu kile ndicho ambacho mafundi wetu hukiita yuniti. Wewe msomaji umekiona mara elfu bila kukijua. Tazama juu ya mnara wa msikiti wa mtaani kwenu: kile kipaza sauti chenye mdomo mpana kama ua ndicho honi, na kile kigudulia kilichojishikiza kisogoni mwake ndicho yuniti. Honi haina umeme ndani yake, ni njia tu ya kupitisha hewa. Yuniti ndiyo inayofanya kazi, kwa sumaku, koili ya waya mwembamba na kiwambo kidogo chenye umbo la bakuli, kinachotikisika mbele ya tundu jembamba.

Kamati ya msikiti mmoja wa huko ilipobadilisha vipaza sauti vyake, vile vya zamani viliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na kijana akanunua yuniti nne. Alitaka kutengeneza spika mbili za nyumbani, zenye wufa kwa sauti nzito na honi kwa sauti nyembamba. Kwa nini honi, na madukani mmejaa spika za kila namna? Jibu nililipata kwa dada yangu siku ya pili, tukiwa jikoni. Dada ana sanduku la kanda za taarabu alizokuja nazo kutoka Mombasa, nyingi zikiwa za marehemu Juma Bhalo, na redio yake ndogo huzifanya zote ziwe na sauti ya mtu mwenye mafua. Mwanawe alimwahidi kwamba atamsikilizisha Bhalo kama alivyokuwa akimsikia arusini, yuko mbele ya macho. Kwa ahadi hiyo ilikwisha kwenda bei ya magunia mawili ya mahindi, na yuniti mbili kati ya nne zilikwisha kufa. Shemeji alikuwa ametoa kauli kwamba ya tatu ikiungua, vyuma vyote vitarudi kwa muuza chakavu na kijana atarudi shambani.

Kwa hiyo zilibaki mbili, na spika zinazotakiwa ni mbili. Hapakuwa na nafasi ya kukosea tena.

Nilimwuliza alivyofanya. Akanionyesha honi aliyoinunua dukani: kijikombe cha plastiki nyeusi, mdomo wake mviringo wa sentimita 10 tu. "Hesi imeingia sawasawa, mjomba," akasema. Ni kweli, iliingia. Yuniti na honi nyingi za namna hii hutumia hesi ya kipimo kimoja, inchi 1 na 3/8, yenye meno 18 kwa inchi. Ndiyo maana kijana wa watu akadhani kwamba kilichokubali kufungika kimekubaliana. Mangapi duniani yamefungwa kwa dhana hiyo!

Kulipopambazuka tukapanda matatu kwenda Bungoma. Yuko fundi huko ambaye kila mtu alitutajia, nami jina lake nitalihifadhi, maana hakupenda liandikwe gazetini. Tulipita Kiminini na Kamukuywa, mlima ukiwa kuliani kwetu na mahindi kila upande, tukafika Webuye, kisha tukashika barabara ya Malaba mpaka Bungoma. Huko ni chini kuliko Kitale kwa mita mia kadhaa, na joto lilinirudishia utu wangu.

Kibanda cha fundi kiko nyuma ya maduka, na mlangoni zimelundikwa spika kubwa nyeusi zilizopasuka nyuso. Nyingi, alituambia, zimetoka kwenye disko matanga. Kwa msomaji wa pwani asiyejua: katika nchi ya Magharibi ilikuwa desturi penye msiba vijana kukesha wakipigiwa muziki na kucheza, na fedha zikachangwa kwa ajili ya mazishi. Viongozi wa serikali wameipiga marufuku mara nyingi, hasa kwa sababu ya maovu wanayofanyiwa watoto wa kike gizani, lakini kila marufuku inapolegea muziki hurudi. Kwetu sisi, ambao maiti husitiriwa siku ile ile na kilio chetu ni khitma, ni jambo gumu kulifahamu, nami sikulificha. Fundi akacheka. "Mulembe, mzee. Mimi pia silipendi. Lakini huko ndiko nilikojifunzia kazi. Watu wakipiga muziki mpaka asubuhi kwa jenereta mbovu, yuniti zote zinakuja hapa kufa. Daktari hujifunza kwa wagonjwa."

KASIA HEWANI

Fundi aliipokea yuniti iliyoungua, akaifungua kwa bisibisi ndogo, akatoa kiwambo na kukiweka kiganjani. Kilikuwa kimepasuka pembeni kote, na koili yake imekuwa nyeusi. "Huyu hakuuawa na umeme mwingi," akasema. "Ameuawa na upweke."

Sikumfahamu. Naye hakuwa mtu wa maneno mengi, akatueleza kwa mikono, akisukuma hewa kwa kiganja. Nami nikiwa njiani kurudi niliupata mfano wa kwetu ulio bora kuliko wowote. Mvuta kasia huweka nguvu zake zote kwenye kasia kwa sababu maji yanampinga. Kasia likikosa maji likapita hewani, nguvu ni ile ile, lakini mkono huruka na mtu huanguka kwa mgongo ndani ya mashua. Kiwambo cha yuniti ni mvuta kasia wa namna hiyo. Kimetengenezwa chepesi mno, na mwendo wake ni mdogo mno, kwa kutegemea kwamba mbele yake kuna hewa iliyobanwa ndani ya koo la honi, hewa inayompinga kama maji. Honi hutanuka polepole, na kwa kutanuka kwake huishika ile hewa iliyobanwa kooni ikaikabidhi hewa huru ya mdomoni bila kuipotezea nguvu. Wenye siwa wanalijua jambo hili tangu kale. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu, iliyo katika Makumbusho ya Lamu pamoja na siwa ya shaba ya Lamu yenyewe, ina urefu unaopita mita mbili. Midomo ya mpigaji bila siwa ni mbwembwe za mtoto. Midomo ile ile ikiwekwa kwenye tundu la ubavuni mwa siwa, mji mzima unajua kuna jambo.

Ila honi haiishiki kila sauti. Kila honi ina mpaka wake wa chini, na chini ya mpaka huo ni kama haipo: kiwambo kinabaki peke yake, kasia liko hewani. Hapo ndipo penye siri yote ya kuoanisha, na fundi wa Bungoma huipima kwa futi ya mshonaji. Huzungusha futi kwenye mdomo wa honi, apate mzingo wake kwa sentimita. Kisha huchukua 34,300, ambazo ni sentimita zinazokwenda sauti katika sekunde moja hewa ikiwa na joto la kadiri, na kuzigawa kwa ule mzingo. Jibu ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo mdomo huo hauwezi kuishika chini yake.

Akaizungusha kwenye kile kijikombe cha plastiki. Mdomo wa sentimita 10 una mzingo wa sentimita 31 na kitu. Ukigawa unapata karibu mitetemo 1,090. "Na huo ni mpaka wa mwisho kabisa," akasema, "ukutani. Usikae ukutani. Zidisha kwa mbili ndipo uanze kazi." Maana yake kijikombe kile hakifai kupewa sauti yoyote iliyo chini ya mitetemo 2,200 hivi. Ulimwengu mzima wa sauti ya Bhalo, kifua chake na pumzi yake, uko chini ya hapo.

Baadaye nilipekua nikaona kwamba kanuni hiyo ya futi si ya vichochoroni. Hesabu ya namna sauti inavyopita katika honi iliandikwa na profesa wa Marekani, Arthur Gordon Webster, katika makala aliyoichapisha mwaka 1919, na mwaka 1924 wenzake wawili, Hanna na Slepian, wakaonyesha faida ya honi inayotanuka kwa kuzidishwa, yaani kila hatua upana wa njia unaongezeka kwa uwiano ule ule. Ukubwa wa mdomo ni sharti moja, na kasi ya kutanuka ni la pili. Honi inayofunguka upesi huwa na mpaka wa juu zaidi hata ikiwa mdomo wake ni mpana, na ndiyo sababu honi za sauti nzito ni ndefu kama mitumbwi. Kwa mitetemo 100 tu ungehitaji mdomo wa duara lenye upana wa zaidi ya mita moja. Hakuna mke atakayelikubali sebuleni.

Tukarudi kwenye maiti ya pili. Yuniti ya kwanza kijana aliiunganisha na amplifaya moja kwa moja, bila kizuizi, na kosa lake alikuwa amekwisha kulijua. Kwa ya pili alikuwa amechukua tahadhari. Muuzaji mmoja alimpa kapasita ya maikrofaradi 10 na kumwambia kwamba itazuia kila kitu kilicho chini ya mitetemo 2,000. Kapasita ni bawabu: sauti nyembamba huziruhusu kupita, nzito huzirudisha. Basi kama bawabu alikuwapo, mwizi aliingiaje?

Fundi akaigeuza yuniti nzima, akafuta kutu kwa kidole, akatuonyesha maandishi yaliyofifia: omu 16.

Nilimwona mpwa wangu akifumba macho. Maana kapasita haina kipimo chake yenyewe, hupimwa pamoja na mzigo inaouhudumia. Maikrofaradi 10 mbele ya spika ya omu 8 huzuia chini ya mitetemo 2,000 hivi, alisema kweli yule muuzaji. Mbele ya yuniti ya omu 16 mlango hushuka nusu nzima, mpaka 1,000. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8 na muuzaji hakuuliza. Yuniti za msikitini nyingi ni za omu 16, baada ya kuondolewa ile transfoma ndogo inayoziwezesha kulishwa kwa waya mrefu. Kwa hiyo bawabu alifungua mlango kwenye 1,000, honi ikaanza kushika kwenye 1,090, wala hapo haikushika vizuri mpaka 2,200. Nafasi ile ya katikati ndiyo iliyokuwa kaburi. Tena kapasita moja peke yake ni bawabu mpole. Hafungi mlango kwa kishindo, huuegemeza tu, na wazito wenye nguvu huendelea kupenya.

Hapa niseme jambo dogo kuhusu Kitale yenyewe, kwa sababu nilimwuliza fundi kama ule urefu wa mlima unadhuru. Kasi ya sauti haibadilishwi na mwinuko bali na joto: Kitale katika nyuzi 18 sauti hukimbia mita 342 kwa sekunde, Mombasa katika nyuzi 30 hukimbia 349. Si tofauti ya kumkosesha mtu usingizi. Lakini hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita, na hewa nyepesi hukipinga kiwambo kidogo zaidi. Kasia la Kitale lina maji mepesi kidogo. Fundi alisema hilo hakulijua, nami nikafurahi kwamba mtu wa pwani amemfundisha jambo moja katika siku aliyofundishwa ishirini.

KOO KWA KOO

Baada ya mdomo, fundi akaingia kooni. Alileta honi tatu za alumini kutoka rafuni, zilizotolewa katika spika za muziki zilizokufa. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, nzito, lakini koo lake lilikuwa la milimita 50, na tundu la yuniti yetu ni la milimita 25. Kijana akauliza kama haiwezekani kuchonga kipande cha kuunganishia. "Inawezekana," akajibu fundi. "Hata ng'ombe na punda wanaweza kufungwa jembe moja."

Milimita 25 kwa 50 inaonekana ni mara mbili, kumbe kwa eneo la tundu ni mara nne. Sauti ikitoka njia nyembamba na ghafla ikakuta njia yenye eneo mara nne, haiendelei yote. Sehemu yake hugonga ule mwanya na kurudi ilikotoka, kama wimbi linalorudishwa na mwamba wa Ras Serani. Kwa hesabu ya mabomba mawili yaliyonyooka, zaidi ya theluthi ya nguvu hurudi. Ikirudi hukutana na inayokuja, na hapo sauti fulani huvimba na nyingine hufa. Masikio huiita hali hiyo ukali, au sauti ya puani, na watu humlaumu mwimbaji. Hata makoo yakiwa sawa kwa upana, liko jambo la pembe: njia iliyo ndani ya yuniti imekwisha kuanza kutanuka kwa mwinamo wake, na honi inapaswa kuendelea na mwinamo ule ule pasipo kuvunjika. Fundi aliingiza kidole chake kidogo penye maungio ya honi ya pili, akakizungusha, akatoa uso kama aliyeonja chumvi iliyozidi. Palikuwa na ukingo. Unene wa ukucha tu, lakini akaiweka pembeni.

Ya tatu ilikuwa na koo la milimita 25, mdomo wa duara wa sentimita 25, na kidole kilipita bila kukwama. Futi ikasema mzingo wa sentimita 78 na nusu. Mpaka wa mwisho mitetemo 437, kazi ianze karibu na 900. Fundi akaamua 1,200, kwa sababu yuniti ni mzee na kijana ni fukara.

Nilipokuwa nikitazama kidole kile nikakumbuka kwamba kazi hii ya kuoanisha iliingia majumbani muda mrefu kabla ya mpwa wangu. Santuri za kwanza zilikuwa na honi iliyowekwa kwa kukisia. Mnamo 1925 kampuni ya Victor ya Marekani ikatoa santuri ya Orthophonic, isiyo na umeme wa sauti hata kidogo, ambayo wataalamu Maxfield na Harrison waliipigia hesabu kutoka sindano hadi mdomo wa honi iliyokunjwa ndani ya kabati, kila sehemu ikilingana na inayofuata. Mwaka 1928, Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi sahani za His Master's Voice, dunia ya sauti ilikuwa katika mapinduzi hayo. Mwaka huo huo wa 1928, E. C. Wente na A. L. Thuras wa maabara ya Bell walichapisha maelezo ya yuniti yenye koili inayotembea, kiwambo chepesi cha madini, na mbele yake kizibo chenye njia iliyopangwa ili sauti ya katikati ya kiwambo na ile ya pembeni zifike kooni pamoja. Yuniti ya namna hiyo, 555 ya Western Electric, ilikuwa imekwisha kutumika katika majumba ya sinema yenye sauti tangu 1926. Kigudulia kilichoko kwenye mnara wa msikiti wako ni mjukuu wake. Katika Singapore, Msikiti wa Sultan ulitiwa vipaza sauti mwaka 1936, habari iliyoandikwa magazetini kama ajabu.

Lakini mjukuu huyo amelelewa kwa kazi moja. Yuniti ya adhana imezaliwa kwa sauti ya binadamu, ifike mbali, istahimili jua na mvua. Kiwambo chake si cha kupepesuka mpaka zile sauti nyembamba kabisa, na honi yake ya mnarani imekunjwa ndani kwa ndani, sauti ikienda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, ili iwe fupi. Katika mikunjo hiyo sauti nyembamba hupotea njia. Fundi hakumficha kijana. "Utapata sauti ya mtu kama yuko hapa. Hutapata kengele."

Wako wenzetu ulimwenguni ambao jambo hili limekuwa kwao kama mahaba. Mmarekani Paul Klipsch alianza mwaka 1946 kuuza spika ya nyumbani ambayo honi yake ya sauti nzito imekunjwa na kutumia pembe ya chumba kama mwendelezo wa mdomo, na mpaka leo wapo watu wanaochonga honi za mbao gerejini, wakibishana usiku kucha ni yuniti gani iolewe na honi ipi. Mwaka 1975 D. B. Keele akawatibua wote kwa makala iliyouliza honi ya kutanuka kwa kuzidishwa ina utakatifu gani, akaonyesha maumbo yanayotawanya sauti kwa usawa zaidi chumbani. Nilipomsimulia fundi wa Bungoma ugomvi huo alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayesikia habari za matajiri wagonjwa.

MIZANI

Likabaki la mizani. Honi ina kipaji kinachoweza kuwa adhabu nyumbani: kwa umeme kidogo hutoa sauti kubwa ajabu. Wufa ya kijana ilikuwa ya desibeli 92, na honi, kwa umeme ule ule wa amplifaya, ilikuwa ya 104. Desibeli 12 zinasikika kama neno dogo, lakini maana yake ni nguvu mara 16. Ukiziwasha pamoja bila mizani, wufa ni mtu anayezungumza sokoni karibu na mnadi samaki. Vijana wengi hapo huongeza sauti nzito kwenye amplifaya mpaka wufa nayo ikafa, na mafundi wakapata kula.

Dawa ni rezista. Fundi aliweka moja ya omu 12 njiani na nyingine ya omu 5 na kitu kando ya yuniti, ili amplifaya iendelee kuuona mzigo wa omu 16 na mlango usihame tena. Kisha bawabu mpole akaongezewa mwenzake: kapasita ya karibu maikrofaradi 6 na koili ya milihenri 3, ambazo kwa pamoja huufunga mlango kwa nguvu maradufu pale penye 1,200. Koili aliisokota mwenyewe kwa waya uliotoka katika transfoma iliyoungua. Nilimwuliza malipo. Akataja kiasi nilichoona aibu kukilipa jinsi kilivyokuwa kidogo, nikamwongezea, naye akamrudishia mpwa wangu nusu ya nyongeza, ati ya gundi.

Sanduku lilitengenezwa Kitale kwa plaiwudi, siku mbili. Kijana alitaka kujaribu yuniti papo hapo, nami nikamzuia, kwani fundi aliagiza kwamba mara ya kwanza sauti iwe ndogo kuliko ya redio ya jikoni na ipandishwe kwa siku tatu. Shemeji alipita uani mara nyingi kuliko kazi zake zilivyodai. Hakuuliza neno, lakini mara moja nilimkuta amechutama mbele ya honi, ameingiza kidole kooni.

Siku ya nne, baada ya maghrib, dada aliitwa. Alikuja akifuta mikono kwa kanga, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayejua kwamba ataamka upesi. Kanda ikazunguka. Kinanda kikaanza, tabla ikafuata ikitoka katika wufa, halafu Juma Bhalo akaingia.

Mimi nimemsikia Bhalo katika maisha yake, Mombasa, nikiwa nimesimama ukutani na vijana wenzangu. Nasema kwa masikio yangu kwamba ilikuwa ni ile sauti, kwa ule uzito wa kifuani na ile kamba inayokwaruza kidogo anapoipandisha. Haikutoka katika sanduku bali mbele yake, mahali penye hewa tupu. Dada alikaa kitini mpaka nyimbo mbili zikaisha. Katika ya tatu akasema, "Tashkota iko wapi? Hapa palikuwa na tashkota."

Ilikuwapo, lakini mbali, kama inapigwa nyumba ya pili. Kengele ndizo hizo alizozitaja fundi. Mpwa wangu akamweleza mama yake kwamba yuniti ya msikitini haifiki huko juu, na kwamba inatakiwa twita ndogo kupokea kuanzia mitetemo 6,000 hivi, yenye kapasita yake mwenyewe, na kwamba safari hii atasoma omu kwanza.

"Bei gani?" akauliza shemeji kutoka mlangoni.

Akatajiwa. Akatazama nje, kule ghalani, akasema tungoje mavuno. Yuniti ya nne imefungwa katika kipande cha kanga kuukuu na kuwekwa juu ya kabati, pamoja na honi ya pili ambayo fundi ameahidi kuitafuta koo lake lisilo na ukingo. Kwa sasa Bhalo anaimba kwa upande mmoja wa sebule, na kiti cha dada kimehamishiwa upande huo.